Fundi Anajibu: Oili Gani kwa Gia Boksi ya Badala?



Mwezi huu barua moja imetuchukulia ukurasa mzima. Imetoka kwa kikundi cha wakulima wa mpunga. Kikundi hicho kina pikapu ya Toyota. Pikapu hiyo ndiyo inayopeleka mpunga mashineni. Ndiyo pia inayopeleka wagonjwa hospitali, hata usiku wa manane. Tunaichapa barua yao kwa kifupi.

"Ndugu Fundi, salaam nyingi. Pikapu yetu ni ya gia otomatiki. Wakati wa mavuno gia boksi yake ilikufa. Tukachanga fedha, tukanunua gia boksi ya mtumba mjini. Imefika, lakini haina oili ndani. Sasa tunabishana. Fundi wetu anasema oili yoyote nyekundu inafaa. Dereva anasema tuweke DEXRON, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia oili. Lakini juu ya gia boksi tuliyonunua mtu ameandika kwa chaki: T-4. Mwenye duka naye anasema anayo oili moja inayofaa magari yote. Tumesimamisha kazi. Tufuate neno la nani? Fedha ya kununua gia boksi ya tatu hatuna."

Ndugu zetu, mmefanya vizuri kusimamisha kazi. Kungoja siku tatu ni afadhali kuliko kuchanga tena.

Jibu letu ni hili. Oili huchaguliwa kwa gia boksi iliyomo ndani ya gari sasa. Haichaguliwi kwa rangi. Haichaguliwi kwa gia boksi iliyokufa. Na kijiti chenu cha kupimia, kama tutakavyoona, huenda ni cha gia boksi iliyokufa.

Oili hii inafanya kazi gani?

Zamani karibu pikapu zote za vijijini zilikuwa na gia za mkono. Siku hizi magari mengi ya mtumba yanatoka Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo magari yao yanatufaa bila kubadilisha usukani. Lakini wengi wao hupenda gari la otomatiki. Ndiyo maana sasa tunayo hata huku kwetu.

Katika gia boksi ya mkono, oili hulainisha meno ya gia. Basi, kazi yake kubwa ni hiyo. Oili yake ni nzito. Wengi wanaijua kwa namba yake, 90. Ndiyo hiyo pia inayowekwa kwenye difu.

Gia boksi ya otomatiki ni jambo jingine kabisa. Humo, oili ndiyo mfanyakazi.

Kati ya injini na gia boksi kuna chombo cha duara, kimefungwa pande zote. Mafundi hukiita konveta. Ndani yake kuna mapanga mfano wa feni mbili zinazotazamana. Injini inazungusha feni ya kwanza. Feni hiyo inarusha oili. Oili inaipiga feni ya pili, nayo inazunguka. Hivyo nguvu ya injini inavuka kwa njia ya oili. Mkisimama na injini inawaka, gari halizimiki, kwa sababu feni moja inaweza kuzunguka na nyingine ikasimama.

Kisha kuna pampu. Pampu inasukuma oili kwa nguvu katika vijia vidogo vidogo, vyembamba kama mrija. Oili hiyo ndiyo inayobana gia. Hakuna mkono wa mtu.

Pampu hii inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala. Kwa sababu hiyo gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Vijana wanaosukuma wanapoteza jasho lao bure. Tena msilivute kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini. Ndani vyuma vinazunguka lakini oili haiendi kuvilainisha. Gia boksi nyingi nzima zimekufa njiani zikivutwa.

Sasa tuje kwenye sahani, maana hapa ndipo ugomvi wenu ulipo. Ndani ya gia boksi kuna sahani nyingi nyembamba. Zimepangwa kama sahani za chakula kabatini. Moja ni ya chuma kitupu. Ya pili imebandikwa kitu kama karatasi ngumu. Inayofuata ni ya chuma tena. Zikibanwa pamoja, zinashikana na gia inaingia. Zikiachiliwa, gia inatoka. Na zote zimelowa oili.

Fikirini jambo hili. Oili ni kitu cha kutelezesha. Lakini hapa tunataka sahani zishikane ndani ya oili. Tunataka zishikane polepole kiasi, zisigonge. Tena tunataka zikishashikana zisiteleze. Kwa hiyo watengenezaji wa oili huchanganya dawa ndani yake ili kupima utelezi huo. Oili ikiwa na utelezi mwingi mno kwa sahani zile, sahani huchelewa kushika. Husuguana, hupata moto, na ile karatasi huungua. Oili ikiwa na utelezi mdogo mno, sahani hushika kwa ghafla. Gari hugonga au hutetemeka kila gia inapoingia.

Kila kampuni hutengeneza sahani zake kwa namna yake. Kwa hiyo kila kampuni hutaka utelezi wake. Hiyo ndiyo sababu kuna majina mengi. Biashara nayo ina mkono wake humo, hatukatai, lakini sababu ya kwanza ni sahani.

Rangi nyekundu na majina mengi

Oili ya otomatiki huitwa ATF. Nyingi hutiwa rangi nyekundu. Rangi hiyo haifanyi kazi yoyote ndani ya gia boksi. Iliwekwa ili mtu akiona tone chini ya gari ajue linatoka wapi. Tone jekundu, tazama gia boksi au usukani. Tone jeusi au la kahawia, tazama injini. Basi.

Fundi anayesema "nyekundu ni nyekundu" anafanana na mtu anayesema vidonge vyote vyeupe ni dawa ya malaria.

Mfano mzuri unatoka Marekani, maana huko ndiko magari ya otomatiki yalikoanza kuuzwa kwa wingi. Mwaka 1967 kampuni ya General Motors ilitoa oili yake iliyoitwa DEXRON. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Ford ilitumia oili yake iliyoitwa Type F. Zote mbili zilikuwa nyekundu. Lakini ile ya Ford ilishika haraka na kwa nguvu. Ile ya General Motors ilishika taratibu. Mtu aliyebadilisha moja kwa nyingine alijikuta gari linagonga, au linateleza mpaka sahani zinaungua.

Je, mnajua ile DEXRON ya kwanza ilikuwa na nini ndani? Ilikuwa na mafuta ya nyangumi. Nyangumi ni yule mnyama mkubwa wa baharini, wavuvi wa pwani yetu wanamjua. Mafuta yake yalifaa sana kupima utelezi wa sahani. Nyangumi wakaanza kwisha. Katika miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku mafuta hayo. Watengenezaji wakalazimika kutafuta dawa nyingine za kuchanganya. Kutoka hapo oili zikabadilika mara kwa mara. Ikaja DEXRON II. Mwaka 1993 ikaja DEXRON III. Mwaka 2005 ikaja DEXRON VI. Herufi hizo za mwisho ni namba za Kirumi: II ni mbili, III ni tatu, VI ni sita.

Toyota nao walianza kwa kutumia DEXRON katika gia boksi zao nyingi. Baadaye wakatengeneza oili yao. Moja inaitwa T-IV. IV ni nne kwa Kirumi, kwa hiyo yule aliyeandika T-4 kwa chaki alikuwa na maana hiyo hiyo. Kisha miaka ya 2000 Toyota wakaleta oili nyingine iitwayo WS. Hii ni nyepesi kuliko T-IV. Toyota wenyewe hawaruhusu kuweka moja mahali pa nyingine.

Kampuni nyingine zina majina yao. Nissan wana Matic. Mitsubishi wana SP. Tena kuna magari madogo yasiyo na gia za kawaida, yana mkanda wa chuma unaozunguka ndani. Hayo huitwa CVT, na oili yake ni ya CVT tu. Ukiiweka ATF ya kawaida humo, mkanda unaweza kuteleza na kuharibika. Lakini pikapu yenu si ya namna hiyo, kwa hiyo tuiache.

Kijiti kinaweza kudanganya

Dereva wenu amesoma kijiti. Hilo ni jambo zuri sana, na tunataka kila dereva afanye hivyo. Katika Toyota nyingi za zamani jina la oili limegongwa kwenye chuma cha kijiti. Huhitaji kujua Kiingereza. Unachukua kijiti, unachukua kopo, unalinganisha herufi moja moja. D na D, E na E, X na X. Halafu namba ya mwisho. Herufi moja ikikataa, usinunue.

Lakini fikirini kijiti kile kilitoka wapi. Fundi akishusha gia boksi iliyokufa, mara nyingi anachomoa paipu ya kujazia oili pamoja na kijiti chake. Akipandisha gia boksi mpya, anarudisha paipu ile ile na kijiti kile kile. Kwa hiyo kijiti chenu kinaeleza habari za gia boksi iliyoko jalalani. Kama gia boksi mpya ilitoka kwenye gari la miaka ile ile na la aina ile ile, hakuna taabu. Kijiti kinasema kweli. Kama ilitoka kwenye gari la miaka ya baadaye, huenda kwa nje zinafanana kama kulwa na doto, zinaingia kwenye boliti zile zile, lakini moja inataka DEXRON na nyingine T-IV.

Na chaki je? Chaki ni neno la mtu. Huenda aliyeiandika ndiye aliyeishusha gia boksi kutoka kwenye gari lake la kwanza. Basi anajua. Huenda pia ni kijana wa dukani aliyeambiwa aandike chochote. Chaki isidharauliwe, lakini si ushahidi wa kutosha.

Fanyeni hivi. Mpigieni simu aliyewauzia. Msimwulize "tuweke oili gani?" Atajibu haraka ili akate simu. Mwulizeni: gia boksi hii ilitoka kwenye gari gani, la mwaka gani, injini yake ni ipi? Ikiwa gari lile lipo bado dukani kwake, limekatwa vipande, kuna kibao kidogo cha chuma. Katika magari ya Toyota mara nyingi kibao hicho kipo chini ya boneti, au kwenye nguzo ya mlango. Aipige picha kwa simu awatumie. Kwenye kibao hicho kuna mstari wa gia boksi. Mtaona herufi na namba, kwa mfano A340F. Hilo ni jina la gia boksi. F ya mwisho inaonyesha ni ya gari linaloendesha magurudumu manne. Ingekuwa A340E, ni ya gari linaloendesha magurudumu mawili.

Kibao cha pikapu yenu nacho kisomeni, mlinganishe. Kama majina hayafanani, kuna neno kubwa zaidi ya oili. Mrudishieni muuzaji mapema, kabla fundi hajafungua boliti hata moja.

Mkishapata jina la gari na mwaka, tafuteni kitabu cha dereva cha gari hilo. Duka la spea za Toyota linaweza kuwatazamia. Kitabu kikisema T-IV, nunueni T-IV, hata kama kijiti kinasema DEXRON. Kitabu kikisema DEXRON II au III, nunueni hiyo, hata kama chaki inasema T-4. Halafu andikeni kwa rangi ya mafuta juu ya gia boksi, na katika daftari la gari, jina la oili mliyoweka na tarehe. Kijiti kisichosema kweli kifungwe utepe, ili dereva ajaye asikosee.

Oili ya magari yote

Sasa tumfikie mwenye duka. Si mwongo moja kwa moja. Oili za aina nyingi kwa pamoja zipo. Kampuni kubwa huzitengeneza, na nyuma ya kopo huandika orodha ndefu ya majina ambayo oili hiyo imekusudiwa kuyatumikia. Kama muuzaji wenu wa gia boksi hana kumbukumbu yoyote, na kitabu hakupatikana, basi oili ya namna hiyo ni afadhali kuliko kubahatisha. Lakini kwa sharti moja: orodha yake lazima iwe na majina yote mawili mnayoyashuku, yaani DEXRON III na T-IV. Oili hizo mbili za zamani zinakaribiana kwa uzito, kwa hiyo si ajabu kuzikuta katika orodha moja. Kopo lisilo na orodha, lililoandikwa ATF tu kwa herufi kubwa, liacheni rafuni.

Tena mjue jambo hili kuhusu DEXRON III. General Motors walikuwa wakikagua oili za kampuni nyingine na kuzipa idhini. Idhini za DEXRON III ziliisha mwishoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo wanaidhinisha ile mpya, DEXRON VI, na wanasema inaweza kuwekwa mahali pa DEXRON za zamani katika magari yao. Kwa hiyo kopo la leo linalojiita la kiwango cha DEXRON III halikukaguliwa na General Motors. Uzuri wake unategemea heshima ya kampuni iliyolitengeneza. Nunueni jina mnalolijua. Tazameni kifuniko kama hakijafunguliwa. Makopo matupu ya kampuni kubwa huokotwa, yakajazwa oili isiyojulikana, yakauzwa tena. Oili iliyopimwa kutoka kwenye pipa kwa kibaba msiikubali, hata ikiwa nusu bei.

Msiikubali pia oili namba 90 kwa kuwa eti ni ya gia boksi. Nzito kama ile haipiti vizuri katika vijia vya otomatiki. Na mafuta ya breki yasiguse gia boksi kabisa. Yanaharibu mipira inayozuia oili isivuje.

Kabla ya kujaza, oshweni rejeta

Hapa tutakaa kidogo, maana hamkutuuliza, na ndipo gia boksi nyingi za mtumba zinapofia.

Oili ya gia boksi hupata moto sana. Ili ipoe, hupelekwa kwa paipu mbili mpaka kwenye rejeta, mbele ya gari. Katika pikapu nyingi ndani ya rejeta kuna chumba kidogo cha oili, kimezungukwa na maji. Oili inapita humo, inapoa, inarudi.

Gia boksi yenu ilipokufa, sahani ziliungua na vyuma vikasagika. Unga wake ulikwenda na oili. Mwingine uko bado ndani ya paipu na ndani ya kile chumba cha rejeta. Mkifunga gia boksi mpya na kuwasha injini, oili yenu nzuri mliyoichagua kwa taabu itapita kule, itauchukua unga ule, na kuurudisha ndani ya gia boksi mpya. Vijia ni vyembamba. Punje ndogo inatosha kuziba.

Basi paipu zote mbili na chumba kile vioshwe kwa kimiminiko cha kusafishia, kisha vipulizwe kwa upepo wa kompresa mpaka kinachotoka ni safi. Kama hakitoki safi, badilisheni rejeta. Konveta ya zamani isirudishwe. Haifunguki, kwa hiyo hamwezi kuiosha ndani. Tumieni ile iliyokuja na gia boksi. Filta iwe mpya, na gasketi ya sampo iwe mpya.

Kisha kuna ubaya mwingine. Chumba kile cha oili kikitoboka ndani ya rejeta, maji huingia kwenye oili. Oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa yenye wekundu. Maji hulegeza gundi ya zile karatasi za sahani, zikabanduka. Ndugu zetu, gia boksi yenu ya kwanza ilikufa kwa nini? Barua haisemi. Fungueni sampo ya ile iliyokufa mtazame. Oili ikiwa nyeusi na inanuka moto, sahani ziliungua. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, rejeta yenu imetoboka. Hapo hata mkiweka oili iliyotumwa na Toyota wenyewe kwa ndege, gia boksi mpya itakufa kama mwenzake. Rejeta ibadilishwe kwanza. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na gia boksi.

Kujaza na kupima

Nunueni lita ngapi? Gia boksi tupu ya pikapu pamoja na konveta yake huchukua kati ya lita 7 na 12 hivi, kwa kutegemea aina. Kitabu kitawapa kipimo halisi. Ile ya kubadilisha kwa kufungua nati ya chini ni kidogo sana, mara nyingine lita 2 tu, kwa sababu oili nyingi hubaki ndani ya konveta. Kwa hiyo fundi akiwaambia lita 4 zinatosha, labda anakumbuka siku alipobadilisha oili tu. Hii yenu ni tupu.

Konveta iingie mpaka mwisho kabla ya boliti kukazwa. Ikikaa nje kidogo, pampu itavunjika injini itakapowashwa. Fundi akihitaji kulazimisha kwa boliti, asimame.

Jazeni lita 4 au 5 kwanza kwa mrija safi na kitambaa kisicho na nyuzi. Washeni injini. Ongezeni polepole huku mkipima. Msisubiri, maana pampu haipendi kuzunguka kavu. Kisha dereva akanyage breki kwa nguvu na kupitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L, akikaa kidogo katika kila herufi, na kurudi P.

Upimaji wa mwisho hufanywa gari likiwa limepata moto. Endesheni taratibu kiasi cha nusu saa. Simamisheni mahali pa tambarare. Mkono wa gia uwe P na injini iwe inawaka. Hapo wengi hukosea. Wamezoea oili ya injini, ambayo hupimwa injini imezimwa. Ya gia boksi ya Toyota yenye kijiti hupimwa inawaka. Futeni kijiti, kirudisheni mpaka mwisho, kichomoeni tena. Kuna alama mbili. Ya chini ni COOL, yaani gari likiwa baridi. Ya juu ni HOT, yaani likiwa na moto. Oili iwe kati ya mikato ya HOT.

Ikipungua, ongezeni robo lita robo lita. Ikizidi, punguzeni. Msiseme iliyozidi ni akiba. Vyuma vinavyozunguka vitaipiga mpaka itoe povu, na povu halina nguvu ya kubana sahani.

Magari mapya yanayotumia WS mara nyingi hayana kijiti kabisa. Hupimwa kwa nati ya chini, oili ikiwa na joto la karibu nyuzi 40. Kama muuzaji amewapa gia boksi isiyo na tundu la paipu ya kijiti, jueni kwamba si ndugu ya ile ya kwanza, na msiendelee.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, fungueni nati ya chini, mwone oili inatoka na rangi gani. Unga kidogo kwenye sumaku ni kawaida kwa kitu cha mtumba. Vipande vinavyokwaruza vidole si kawaida. Rudishieni oili mpya ya jina lile lile.

Kama mlikuwa mmekwisha kununua DEXRON na sasa mnaona inatakiwa T-IV, msiitupe. Usukani wa haidroliki wa Toyota nyingi za zamani hutumia DEXRON. Tazameni maandishi kwenye kifuniko cha chupa yake. Oili chafu iliyotoka kwenye gia boksi iliyokufa isimwagwe karibu na kisima wala kwenye jaruba la mpunga. Itieni kwenye dumu lenye kifuniko, na mwulizeni mwenye gereji mjini kama anakusanya oili chafu.

Tuandikieni jina mlilolikuta kwenye kibao, tutalichapa. Mwezi ujao tutajibu barua ya springi za nyuma za pikapu zinazovunjika kila msimu wa pamba.